Anayekwenda kusoma Korea afundishwe kusoma pakiti, si kujaza sanduku

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wa Unguja na Pemba wenye watoto wanaojitayarisha kwenda kusoma Korea Kusini, na pamoja nao wale wanaowaandaa vijana hao kabla ya safari.

Kijana akishapata nafasi ya masomo, nyumbani huanza habari ya sanduku. Unga wa sembe, dagaa, bizari, achari iliyofungwa mifuko mitatu isimwage. Wazee huamini kwamba huko anakokwenda hakuna cha kula kwa Muislamu, na kwamba kilichopo mtu wa visiwani hawezi kukitia kinywani. Basi kijana hufika Busan au Daegu na unga wake, unamfikisha miezi miwili, na ukimalizika anabaki na mayai na mkate. Chakula kilikuwepo siku zote mbele ya macho yake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia hiki kinaitwa nini, kimepikwa kwa kitu gani, na aulize kwa maneno gani.

Mtu wa Zanzibar, kuliko wageni wengi, ana bahati na meza ya Kikorea. Korea ni rasi iliyozungukwa na bahari pande tatu. Watu wake hula wali, samaki, pweza, ngisi, kamba, kome, dagaa na mwani. Busan, mji wao wa pili kwa ukubwa, ni bandari, na soko lake la Jagalchi ndilo soko kubwa la samaki nchini humo. Unachagua samaki chini, unapanda ghorofani, unatayarishiwa kwa malipo kidogo, ukala hapohapo. Samaki aliyefanywa alama ya mji huo ni godeungeo, jamaa wa vibua wetu, ila mnene na mwenye mafuta zaidi. Hupasuliwa, hutiwa chumvi, huchomwa, na chakula chenyewe huitwa godeungeo-gui. Jina hilo mgeni wetu alihifadhi kabla ya mengine yote. Atapewa samaki, wali, bakuli la supu na visahani vidogovidogo vya mboga viitwavyo banchan. Visahani hivyo havilipiwi mbali, na vikimalizika unaomba vingine. Wengi wetu wakiviona mara ya kwanza huviogopa, wakidhani kila kisahani kina bei yake.

Jambo moja lisimkwaze: mikahawa mingi ya mchuzi wa chungu kimoja na ya nyama za kuchoma mezani haihudumii mtu mmoja. Menyu huandikwa kuanzia watu wawili. Akikataliwa hapo asidhani ni kwa sababu ya rangi yake au dini yake. Chungu chenyewe ni cha watu wawili. Aliye peke yake aende kwenye samaki wa kuchoma, bibimbap, yaani wali uliochanganywa na mboga, au gimbap, wali uliozungushiwa mwani.

Sasa nije penye uzito. Nguruwe katika chakula cha Kikorea haonekani kila mara. Vipande vya nyama kila mtu ataviona, lakini mchuzi uliochemshwa kwa mifupa, unga wa ladha, na vijipande vya hemu, nyama ya nguruwe ya kiwandani, vilivyokatwa vyembamba kama karoti havionekani kirahisi. Kosa linalorudiwa na wageni ni kuuliza, "Kuna nyama?" Neno lao gogi, yaani nyama, mpishi hulichukua kuwa ni minofu. Atakujibu hakuna, na atakuwa mkweli kwa jinsi alivyokuelewa, kwani hemu kwake ni hemu na supu ni supu. Uliza kwa jina: "Dwaejigogi deureogayo?" Maana yake, nyama ya nguruwe inaingia humu? Kisha uliza juu ya yuksu, maji ya mifupa yaliyopikiwa. Ukitaka kitu kiondolewe, litaje jina lake na uongeze "ppae juseyo". Kwa gimbap sema "haem ppae juseyo", watoe hemu. Hata ile ya jodari, chamchi gimbap, mara nyingi hutiwa hemu pembeni, kwa hiyo jina la jodari peke yake lisikutulize.

Vyakula vya nguruwe vya kuviacha moja kwa moja ni samgyeopsal, jokbal, bossam, jeyuk, donkkaseu na sundae, ambayo ni utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi. Busan wana chakula chao wanachojivunia kiitwacho dwaeji-gukbap. Kina wali ndani ya supu nyeupe nzuri ya kutazama, na supu hiyo ni ya nguruwe. Milmyeon, tambi baridi za mji huohuo, zinaonekana hazina neno, lakini maji yake huwa ya mifupa, na mikahawa inatofautiana mifupa ya mnyama gani. Kimchi jjigae, mchuzi wa kimchi, yaani kabichi yao ya achari, kwa kawaida huwekwa nguruwe; ipo ya jodari, chamchi kimchi jjigae, na hiyo pia iulizwe maji yake. Sundubu jjigae, mchuzi wa moto wa tofu laini, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, mara huja na kome na mara na nyama ya kusaga.

Kuna msaada mkubwa ambao wageni wengi hawaujui. Sheria ya Korea inataka mkahawa uonyeshe asili ya vyakula, wonsanji, mara nyingi kwenye ubao wa ukutani: mchele umetoka wapi, kabichi ya kimchi imetoka wapi, ng'ombe, kuku na nguruwe wametoka wapi. Ukiingia, kabla ya kukaa, tafuta herufi hizi kwenye ubao huo: 돼지고기. Ukiziona, jikoni humo nguruwe yumo, na sufuria na mikasi yake imo. Usipoziona usiseme umemaliza, kwa kuwa ubao hautaji unga wa ladha wa pakiti. Lakini umeshajua nusu ya habari bila kufungua mdomo.

Na vya pakiti vina sheria yao pia. Nyuma ya kila pakiti, karibu na orodha ya viambato, kuna kisanduku chenye rangi tofauti kinachotaja vitu vinavyowadhuru baadhi ya watu: mayai, maziwa, ngano, karanga, kaa, kamba, na nguruwe akiwa mmoja wao. Orodha hiyo huishia na neno 함유, hamyu, yaani "kimo ndani". Ukikuta 돼지고기 kabla ya neno hilo, rudisha pakiti rafuni. Chini yake huweza kuwepo sentensi nyingine ndefu yenye majina yaleyale, ambayo inasema tu kwamba kiwanda hichohicho hutengeneza pia bidhaa zenye vitu hivyo. Hizo ni habari mbili tofauti. Asiyezitofautisha ama atakula asichotaka, ama ataacha hata biskuti na kushinda na njaa bure.

Kisanduku hicho hakitaji ulevi. Huo utafutwe kwenye orodha yenyewe ya viambato, na neno lake ni 주정, jujeong. Ni spiriti inayotiwa kuhifadhi, na huonekana kwenye chupa nyingi za sosi ya soya, kwenye gochujang, ile pilipili nyekundu iliyopondwa, na hata kwenye vijiti vya kaa vya bandia. Kuna matsul na mirim pia, mvinyo wa kupikia. Hukumu ya kiasi hicho kidogo iulizwe kwa masheikh. Ninachosema mimi ni mahali kinapokaa, ili anayeuliza aulize akijua. Zipo chupa zisizo nacho kwenye rafu hiyohiyo, na kuzipata ni kazi ya dakika mbili kwa anayeweza kusoma herufi mbili.

Tambi za pakiti zinawaponza wengi kwa njia nyingine. Pakiti yenye jina hilohilo inayouzwa Malaysia au Indonesia ina alama ya halali, kijana akaiona mtandaoni, akanunua ya Seoul akidhani ni moja. Zinazotengenezwa kwa soko la ndani huwa na unga wa ladha mwingine. Alama iwepo juu ya pakiti aliyoishika mkononi, si ile ya kwenye picha.

Niliseme na la dagaa, maana hapa sanduku linabeba kitu ambacho Korea imejaa. Dagaa wao, myeolchi, huchemshwa kwa maji ya chumvi wakishavuliwa kisha hukaushwa, sawasawa na wetu wanavyochemshwa ufukweni na kuanikwa. Tofauti iko kwenye matumizi. Wao huwagawa kwa ukubwa: wadogo hukaangwa na sukari kidogo na ufuta wakawa kisahani cha banchan, wakubwa wa kidole hutoa maji ya supu. Maji hayo ndiyo msingi wa mapishi yao mengi, na ndiyo yanayomwokoa Muislamu anayejipikia, kwa kuwa hayana mfupa wa mnyama yeyote. Kwa watu wawili, chukua maji lita moja na dagaa wakubwa kumi na watano. Wakate vichwa, uwapasue na utoe tumbo jeusi. Usipolitoa supu inakuwa chungu, na uchungu huo hauondoki kwa chumvi wala ndimu. Wakaange bila mafuta dakika mbili ili shombo itoke. Watie kwenye maji pamoja na kipande cha dasima, mwani mnene mkavu, cha sentimita tano kwa tano. Maji yakianza kutokota toa dasima, kwani ikikaa hutoa utelezi na ladha mbaya, kisha waache dagaa dakika kumi hadi kumi na tano bila mfuniko. Ukifunika, shombo hurudi ndani. Chuja. Koroga humo vijiko viwili vya doenjang, ambayo ni soya iliyovundikwa, utie tofu, mamumunye, kitunguu na pilipili mbichi, dakika nane tu. Umeshapata doenjang jjigae isiyo na nguruwe kwa gharama ndogo. Anayetaka kutumia dagaa wa nyumbani awaoshe kwanza wasiwe na mchanga, na asitie chumvi kabla ya kuonja.

Mwani ndio ulionifanya nishike kalamu. Sisi tunalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kina mama wakiingia majini Paje, Jambiani na fukwe za Pemba, na karibu wote unauzwa nje ukiwa mkavu kwa ajili ya karajinani, kitu cha kugandisha vyakula na dawa. Wakorea wanaula. Gim ni ule mwembamba mweusi wa gimbap. Miyeok ni wa supu, na supu yake, miyeok-guk, hupewa mzazi baada ya kujifungua, kama sisi tunavyompa uji wa pilipili manga. Na kila siku ya kuzaliwa mtu huinywa tena kumkumbuka mama yake. Si aina moja na wetu. Wetu ni wa maji ya joto, na ukichemshwa sana huyeyuka ukawa utelezi, kwa hiyo asijaribu mtu kubadilisha mmoja kwa mwengine ndani ya sufuria.

Kuipika miyeok-guk si kazi, ila vipimo vifuatwe. Gramu kumi za miyeok mkavu zinawatosha watu wawili. Anayemimina pakiti nzima ya gramu hamsini atajaza beseni, kwa sababu huvimba karibu mara kumi. Roweka dakika ishirini kwenye maji baridi, fikicha na ukamue mpaka povu liishe, kata vipande vya urefu wa kidole. Kaanga kwa kijiko cha mafuta ya ufuta na thomu pamoja na kome au kamba, mimina maji lita moja, uache moto mdogo dakika ishirini na tano. Kijiko kimoja cha sosi ya soya ya supu, basi. Usitie kitunguu maji, kinaharibu ladha.

Kuna kisiwa chao kinaitwa Jeju, zamani kikiandikwa Cheju kama kijiji chetu cha Unguja Kusini. Wanawake wa huko, haenyeo, huzamia bila mtungi wa hewa kutafuta konokono wa baharini, pweza na mwani, na UNESCO iliuandika utamaduni wao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Natamani kijana wa Pemba akifika huko awatazame kina mama wale na ajue nini wanachokifanya, kuliko kushinda chumbani akihesabu unga uliobaki.

Pweza pia yupo kila mahali. Wao huondoa utelezi kwa kumfikicha na unga wa ngano na chumvi ya mawe, si kwa kumpiga. Mkaango wake wa pilipili ni nakji-bokkeum, mkali kweli. Ile sannakji, mikono ya pweza mbichi inayotikisika kwenye sahani, aiache. Vinyonyeo hushika kooni na watu wamewahi kukwama pumzi.

Wali utamtaabisha siku za mwanzo. Mchele wao ni mfupi na wenye wanga unaonata. Akiupikia kwa kipimo chetu cha kikombe kimoja kwa viwili atapata bokoboko. Aoshe mara tatu, aroweke nusu saa, achuje, kisha kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja cha maji. Akitaka wa nazi, nusu iwe tui la kopo na nusu maji. Kwa pilau asijaribu; anunue basmati. Seoul, mchele huo, nyama iliyochinjwa, dengu na bizari vinapatikana kwenye maduka yanayozunguka msikiti mkuu wa Itaewon, uliofunguliwa mwaka 1976. Busan, msikiti wa Al-Fatah uko wilaya ya Geumjeong, karibu na stesheni ya Dusil ya njia ya kwanza ya treni, na Ijumaa moja tu hapo itamfundisha zaidi ya barua hii. Baadaye ataagiza kuku wa halali wa barafu mtandaoni na kuletewa mlangoni. Nasema baadaye kwa sababu kuagiza kunahitaji simu na kadi ya benki za huko, navyo vinahitaji kitambulisho cha mkaazi, ambacho huchukua wiki kadhaa tangu kufika. Mwezi wa kwanza ndio mgumu, na sanduku lipangwe kwa ajili ya mwezi huo tu: bizari, iliki, mdalasini, pilipili manga, tende. Nyama kavu, soseji na maembe mabichi yasiingie kabisa. Forodha yao inazuia, na asiyetangaza hutozwa faini kubwa.

Kimchi nisiirefushe. Ni kabichi iliyolazwa kwenye chumvi saa sita hadi nane, ikaoshwa, ikapakwa pilipili, thomu, tangawizi na kamba au samaki wa chumvi. Ichukuliwe kama achari. Mpya ni tamu, ya zamani ni kali, na mtu huizoea ndani ya wiki mbili. Kipindi cha baridi mitaani huuzwa viazi vitamu vya kuchoma, goguma, ambavyo havihitaji swali lolote.

Adabu za mezani zinatufaa, kwa kuwa zinafanana na zetu. Mkubwa huanza. Kinachotolewa na mkubwa hupokewa kwa mikono miwili. Wali na supu huliwa kwa kijiko, kitoweo kwa vijiti, na bakuli halinyanyuliwi. Vijiti visisimikwe wima ndani ya wali, maana hivyo ndivyo wanavyowekewa maiti. Vijiko vimo kwenye mtoto wa meza pembeni, maji unajichotea, hesabu unalipa mlangoni, bakshishi haitolewi. Penye shida ni chakula cha pamoja cha darasa au cha maabara, ambapo jiko liko katikati ya meza na mikasi ni moja. Hapo asingoje akae ndipo aseme. Amwambie mwenye kupanga tangu asubuhi, nao watatafuta mkahawa wa samaki bila kinyongo. Kusema mezani, nyama ikiwa motoni, kunamwaibisha mwenyeji, na hilo kwao ni zito kuliko kubadilisha mkahawa.

Ramadhani mabwalo ya vyuo hufunga mapema jioni, hivyo wali wa daku upikwe mwingi, ugawiwe kwenye vibweta na kugandishwa kwenye friji. Viduka vya saa 24 vipo kila kona, ila wali wao wa pembetatu nao usomwe kisanduku chake.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba wanaowaandaa vijana hawa watenge siku mbili kabla ya safari. Siku moja ya herufi: alfabeti yao ina herufi 24 za msingi, na mtoto aliyekhitimu Msahafu anajua jinsi ya kujifunza maandishi mageni. Siku ya pili ya jikoni, kwa dagaa na mchele uliopo Darajani au Chake Chake. Na mzazi asiyeweza kungoja mafunzo aandike maneno haya kwenye kikaratasi kigumu, akitie ndani ya pasipoti ya mwanawe: "Jeoneun dwaejigogi mot meogeoyo", sili nguruwe, "Sul mot masyeoyo", sinywi pombe, na herufi nne, 돼지고기. Atazihitaji mapema, maana uwanja wa ndege wa Incheon nao una mikahawa, na njaa ya safari humkuta mtu kabla hajaonana na mwenyeji wake.

Msomaji wako,
Wete, Pemba